Jina Lililohamia Mwenge

Feni haikusimama.

Tulikuwa tumeshajiandaa kwa kukatika umeme. Dirisha nimelifungua, jagi la maji nimelisogeza karibu, na Felicitas, dada wa kompyuta aliyeletwa kutoka makao makuu, ameshaizima mashine yake na kuifunika kitambaa cha maua. Mume wangu alikuwa Mtoni, chini ya nguzo, ameomba laini izimwe ili apande. Ofisi yetu ya Temeke ilikuwa inakula umeme wa laini hiyohiyo. Ikizimwa kwake, na sie tunazimikiwa, tunatoka jasho mpaka kazi iishe, hayo tulishayazoea. Chumba cha swichi, kule mjini, kilikuwa kimeniambia imezimwa. Mie nikamwambia mume wangu kwa redio: imezimwa, panda. Kisha Felicitas akaanza kunihadithia habari ya kitenge alichokiona Kariakoo, nami namsikiliza huku nimeegemea kiti, natazama dari.

Feni ilikuwa inazunguka. Taratibu, na ule mkwaruzo wake wa kila siku, inazunguka.

"Felicitas," nikasema. "Hebu tazama juu."

Akatazama. Kitenge kikaishia hapohapo.

Niseme kwanza mie ni nani, maana nina haraka siku zote na watu hunilalamikia kuwa nahadithia kuanzia mkiani. Naitwa Farida. Miaka hiyo ya ruksa, maduka yanafunguliwa kila kona na mgao wa umeme umetukaba koo, nilikuwa mtu wa redio ya upepo kwenye dawati la dharura. Mafundi wako barabarani na magari yao, kila gari na namba yake. Mie nimekaa, kipaza sauti mkono huu, simu mkono huu. Fundi anaitaja transfoma, mie naitaja kwa chumba cha swichi, wao wanazima na kunirudishia jibu, nami namrudishia fundi. Waya sikuwahi kugusa hata mmoja. Kazi yangu yote ilikuwa kutaja majina, na jina likienda siko, mtu anakufa. Hilo tuliambiwa siku ya kwanza, na kwa mtu kama mie asiyejua kutulia, lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Hata usingizini nilikuwaga nataja.

Na majina yenyewe sasa. Transfoma za Dar zilipewa majina na mafundi wenyewe, kwa chochote kilichokuwa jirani: Kwa Mkaa, Msikiti wa Bati, Uwanja wa Mbuzi. Ya Mtoni iliitwa Kwa Aidarus, kwa kuwa mzee Aidarus, Mwarabu mwenye duka kando ya Barabara ya Kilwa, ndiye aliyekata kona ya uwanja wake nguzo zikasimama. Ikishapata jina, fundi anapanda na kopo la rangi nyeupe, analiandika tumboni mwa transfoma kwa herufi kubwa. Ndiyo desturi ilivyokuwa. Ikiungua inashushwa, inapelekwa karakana, inafungwa nyaya mpya, halafu inapelekwa popote penye shida. Si lazima irudi ilikotoka. Na rangi ya kufutia jina la zamani haikuwepo, hata ya kuandikia mapya tulikuwa tunaiomba kwa watu.

Basi ile transfoma ya kwanza ya Mtoni, baada ya kuungua na kutibiwa, ikapandishwa Mwenge, karibu na wachonga vinyago, na tumboni imeandikwa MTONI KWA AIDARUS vilevile. Mafundi wa Kinondoni wakipita chini yake walikuwa wanacheka. Waliiita mgeni. Kule Mtoni ikawekwa nyingine isiyo na maandishi yoyote, na sie tukaendelea kuiita Kwa Aidarus, maana mzee na duka lake walikuwa palepale.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumdhuru mtu. Kinondoni walikuwa na majina yao, sie yetu, na wazee wa chumba cha swichi walikuwa nayo yote kichwani. Halafu wazee wakastaafishwa, ikaja kompyuta.

Sina ugomvi na kompyuta, wala sitaki mtu aseme Farida aliichukia. Nia ilikuwa njema kabisa: ofisi zote zitumie majina mamoja, kila transfoma iwe na jina lake na namba yake, mtu wa Temeke akiitaja, wa Kinondoni ajue inayosemwa. Felicitas ndiye aliyekaa miezi anayaingiza. Mwanamke wa Moshi, mrefu, mpole, macho yanamwasha kwa kile kioo cha mashine, na hakuwa mzembe hata kidogo. Aliliona. Alinijia na karatasi mbili akaniuliza, "Dada Farida, hii Kwa Aidarus mbona iko Temeke na Kinondoni iko?" Nikamweleza kisa cha mgeni, tukacheka, kisha yeye akaacha kucheka mapema kuliko mie. Akaenda kwa mkuu wa mradi, akamwambia kuna vitu viwili vimeitwa jina moja, visiunganishwe mpaka mtu aende akavione kwa macho. Mkuu akasema gari la kumpeleka mtu Mwenge halipo, wafadhili wanakuja wiki ijayo, na kompyuta yenyewe imeshasema jina limejirudia, basi moja liondoke. Felicitas akakataa kuliondoa. Likaondolewa na mkono mwingine alipokwenda kula. Lililobaki likawa la Kinondoni, kwa kuwa karatasi za Kinondoni zilionyesha limeandikwa tumboni mwa chombo. Hayo ya kuondolewa tuliyajua baadaye. Sie tulichokiona ni karatasi mpya zinapakiwa kwenye gari kupelekwa chumba cha swichi, na za zamani zinarudishwa zimefungwa kamba.

Sasa siku yenyewe. Adhuhuri mume wangu ananiita: "Kituo, hapa Gari Nne. Niko Mtoni Kwa Aidarus. Waya umelegea juu ya fyuzi. Nizimieni laini." Ile sauti yake ya kazini, kavu, utadhani hatukunywa chai pamoja asubuhi. Nikapiga simu, akapokea Marselino, kijana wa zamu, mtu makini, mwenye kawaida ya kurudia kila neno unalomwambia. Nikamsikia anapitisha kidole kwenye karatasi mpya. "Kwa Aidarus, nimeiona," akasema. Haikuchukua muda akarudi. "Imezimwa, sista."

Na feni inazunguka.

"Labda wamechelewa," Felicitas akasema, lakini mwenyewe hakuamini.

Nikaivamia redio. "Gari Nne, Gari Nne, hapa kituo." Kimya. "Gari Nne, usipande, usiguse kitu." Kimya vilevile. Redio ilikuwa ndani ya gari, na fundi akipanda, dereva wake Jabiri anakwenda kushika kamba chini ya nguzo. Nilikuwa naongea na viti.

Najua utasema fundi hapandi bila kupima. Kipimo chetu tulikuwa tunagawana magari yote, na siku hiyo kilikuwa Mbagala. Mnyororo wa shaba wa kurushia juu ya waya, kuupima kabla hujaugusa, ulikuwa umeibwa, umeshauzwa kwa wanunuzi wa shaba, maana kila kitu siku hizo kilikuwa na mnunuzi. Mafundi walibaki na masikio yao: transfoma yenye umeme inanguruma, ukisimama chini yake unaisikia. Lakini pembeni ya Kwa Aidarus palikuwa pamefunguliwa mashine ya kusaga ya dizeli, kwa sababu ya mgao wetu wenyewe, na ikisaga humsikii hata mtu anayekusemesha sikioni.

Felicitas alikuwa amesimama, kitambaa cha maua amekikunja mkononi. "Dada," akasema polepole, "wamezima Mwenge."

Nikamwelewa hapohapo.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikafika mlangoni, maana miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia mpaka Mtoni, nikarudi. Hakuna mtu anayekimbia mpaka Mtoni akafika kabla ya fundi kumaliza kupanda. Nikashika simu.

"Marselino, laini haijazimika. Huku feni inazunguka."

"Imezimwa, sista. Nimeizima kwa mkono wangu."

"Umezima Mwenge."

"Karatasi inasema Kwa Aidarus. Naiona hapa, iko moja tu, nimeiwekea kidole."

"Basi zima Temeke yote."

"Temeke yote siwezi bila mhandisi. Kuna viwanda huko, kuna hospitali. Subiri nimtafute, usikate simu."

Simlaumu, hata siku ile sikumlaumu. Angekuwa anazima Temeke kwa neno la kila anayepiga simu, asingemaliza wiki kazini. Lakini mie kusubiri sijawahi kukuweza hata kwa mambo madogo, foleni ya mafuta ya taa tu ilikuwa inanitoa machozi, na sasa naambiwa nisubiri huku mume wangu anapanda. Niliiona mikono yake. Uso sikuuona, niliona mikono, ile mipana, yenye kucha fupi, inayonimenyea chungwa bila kulikata ganda. Niliogopa vile ambavyo sijaogopa tena maishani, na Mungu anisamehe, hata nilipokuwa na uchungu wa kumzaa Zubeda sikuogopa vile.

Yalikuwepo maneno mawili. Kila mtu wa kazi yetu aliyajua na hakuna aliyethubutu kuyachezea. Ukiyasema, chumba cha swichi hakiulizi transfoma ipi, hakitazami karatasi, hakimtafuti mhandisi. Kinazima kila kinachokuja upande wako, halafu ndiyo kinauliza.

"Mtu kanaswa," nikasema.

Nikasikia mkono wa simu unaangukia meza upande wa pili. Nikasikia hatua, kisha vishindo vya swichi, kimoja baada ya kingine. Juu yetu feni ikapunguza, ikapunguza, mpaka panga zake zikaonekana moja moja. Ikasimama. Kutoka dirishani ikaja ile sauti ya mtaa mzima unaoguna kwa pamoja.

Marselino akarudi anahema. "Nani? Nipe jina niandike."

Hapo nikakwama. Sie wanawake wa pwani mume hatumwiti kwa jina. Nimeishi naye, nimemzalia binti, nilikuwa namwita Baba Zubeda, na kwenye redio namwita Gari Nne. Jina lake halikuwahi kupita mdomoni mwangu, si mbele za watu, si chumbani. Nikataka kusema Gari Nne. Lakini gari lina watu wawili, na kule nyumbani kwa Jabiri kulikuwa na mke mjamzito.

"Jina, sista."

"Marijani," nikasema. "Marijani Mbwana."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumtaja mume wangu, na nilimtaja kama maiti. Felicitas akanishika bega, nami nikamsukuma, sikutaka kushikwa.

Sijui tulikaa muda gani. Nilikuwa nazunguka meza. Nilikuwa najua jambo moja tu, kwamba umeme umekatika, na sikujua kama umekatika kabla ya mkono wake au baada. Kisha redio ikakoroma.

"Kituo, hapa Gari Nne." Sauti yake, na imeudhika. "Nyie watu, si mlisema mmezima kitambo? Mbona kinyozi wa ng'ambo ya barabara ndiyo kwanza anatoka nje na mashine yake mkononi, mteja kanyolewa nusu? Mimi nilikuwa juu nakaza mkanda, nikamwona. Nimeshuka. Naomba nielezwe."

Felicitas ndiye aliyechukua kipaza sauti, yeye asiyejua taratibu za redio, akamwambia, "Kaka, kaa hapohapo chini. Usirudi juu. Kaa chini tu." Mie nilikuwa nimekaa sakafuni nalia, na kilio changu hakikuwa cha adabu.

Nilipokumbuka kupiga simu chumba cha swichi, ilikuwa inatumika. Nikapiga, inatumika. Nikapiga mpaka kidole kikauma. Alipopatikana Marselino nikamwambia ni mzima, hakunaswa, nilisema ili uzime. Nikamsikia anavuta pumzi. "Asante Mungu," akasema, kisha akashusha sauti. "Sista, Bwana Talha ameshaondoka."

Bwana Talha alikuwa mkuu wa zamu. Habari ya fundi aliyenaswa haitumwi kwa simu wala kwa dereva. Mkubwa mmoja anakwenda mwenyewe kwa wazazi, anavua kofia, anakaa chini, anasema. Alikuwa ameshapanda pikipiki yake kwenda Temeke, kwa Bi Hamisa, mama yake Marijani, na pikipiki haina redio.

Kuhusu kazi, niliitwa mbele ya kamati, wakaniuliza kama nilijua kuwa hajanaswa. Nikawajibu sikujua kuwa hajanaswa, na wala sikujua kuwa kanaswa, na kama wao wangesubiri kujua, wakae wao kwenye kile kiti. Haikuwasaidia wala haikunisaidia. Nilitolewa kwenye redio, nikawekwa kaunta ya kupokea malalamiko ya bili, nikatukanwa na wateja mpaka nilipostaafu. Felicitas alikwenda Mwenge kwa nauli yake, na rangi aliyonunua mwenyewe, akasimama chini ya ile transfoma mpaka fundi alipolifuta jina lote, herufi kwa herufi. Mkuu wa mradi alipata uhamisho wa kupanda cheo. Hayo yote yalinikera, lakini yalipita. Lisilopita ni la alasiri ileile.

Gari Nne lilinipitia ofisini. Jabiri anaendesha, mume wangu katikati, mie mlangoni. Nilishamweleza. Alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja, anaitazama. Kona ya mwisho kabla ya nyumba ya mama yake tukasikia kilio.

Mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Mabenchi ya wanaume yanashushwa kwenye mkokoteni, jirani mmoja kapeleka habari msikitini, mwingine kaenda kununua sanda. Marijani alishuka ameshika buti zake mkononi, maana hakuwahi kuingia kwa mama yake na viatu vya kazi. Mwanamke wa kwanza aliyemwona akaachia sufuria. Watoto wakakimbia. Wanaume wazima, watu anaocheza nao bao, wakarudi nyuma hatua moja, na yeye akapita katikati yao anasema "mie huyu, jamani, mie huyu," mpaka ndani.

Bi Hamisa alikuwa amekaa mkekani, kanga kichwani mpaka usoni. Mwanawe akaweka buti chini, akapiga magoti mbele yake. Mama hakumtazama uso. Alimshika mikono, akaigeuza, akaifungua vidole kimoja kimoja, akainusa. Alikuwa mama wa fundi, alijua umeme unapoingilia na unapotokea. Kisha akakiweka kiganja cha mwanawe shavuni, akalia bila sauti.

"Nani aliyesema?" akauliza alipomaliza.

Bwana Talha alikuwa ukutani, kofia mkononi, amekunjamana. Hakunitaja. Alinitazama tu.

"Mie, mama," nikasema. "Nilisema ili wazime."

"Ulimtaja kwa jina lake."

"Nilimtaja."

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kajivika eda mwenyewe." Nilijua wote wanawaza hivyo. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na hasira pia, siwezi kuficha. Nilitaka kuwaambia kuwa mtu huyu mnayemshangaa yuko hai kwa mdomo huuhuu. Lakini nilikuwa nimemtazama yule mama alivyoinusa mikono, nikayameza. Nilisubiri nifukuzwe.

Bi Hamisa akaishusha kanga mabegani. Akapapasa mkeka pembeni yake. "Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Akanishika kiwiko cha mkono, kwa nguvu.

"Mwite."

"Mama?"

"Mwite kwa jina hilohilo. Mtaa mzima umelisikia limekufa. Waliokuja kulia walisikie."

Mume wangu alikuwa amerudi kusimama mlangoni, buti kazishika tena, wanaume wamejazana nyuma yake. Nilitazama chini, kwenye ukindu wa mkeka.

"Marijani," nikasema.

"Naam."

"Tena," mama akasema.

"Marijani."

"Naam." Sauti yake ilikuwa inakatika.

Mwanamke aliyekuwa karibu na mlango akainuka, akaanza kukunja mkeka wake. Mwingine akainuka. Bi Hamisa hakuniachia.

"Tena," akasema, na mie nikamwita, naye akaitika, mpaka mkeka wa mwisho ukakunjwa.